Chungu Kilichokauka Bugarama

Chungu cha dada yangu kilikuwa kikavu. Nilitia vidole kwenye mchanga wake, ukamwagika kama unga wa mhogo. Nilijua kilichotokea hata kabla sijafunua kifuniko.

Bugarama ni joto. Sisi wa Kamembe tukishuka huko tunaanza kuvua makoti njiani. Dada yangu hana friji, na ana ugonjwa wa sukari, ule wa kujidunga insulini kila siku. Insulini haipendi joto. Muuguzi wa kituo cha afya alimfundisha aweke chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga, mchanga uloweshwe asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi. Ndani hukaa baridi ya kutosha. Dada yangu angeweza kusahau chumvi kwenye maharage, angeweza kusahau hata kufunga mlango, lakini chungu hakukisahau. Siku hiyo kitambaa kilikuwa kimekauka kikawa kigumu, na ndani vichupa vilikuwa na joto kama yai lililotoka chini ya kuku.

Namwita Yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu sisi tuliokulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, naye huniita papa, kama huko wanavyomwita mwanamume yeyote kwa heshima. Mama yetu alikufa tukiwa huko, nami ningali mdogo sana, na Yaya ndiye aliyenibeba mgongoni akienda sokoni. Alinisomesha kwa kuuza sambaza, dagaa wa ziwani. Baadaye tulirudi Rwanda, mimi nikakaa Kamembe, yeye akapata kazi ya kuanika na kupepeta mpunga Bugarama. Sina mwingine wa tumbo moja.

Alikuwa ameketi mlangoni anachambua mchele kwenye ungo.

"Yaya, juu ya nini chungu imekauka hivi?"

"Siyihitaji tena," akasema bila kuinua macho. "Mungu alishaniponya."

"Nani alikuambia?"

"Nilishatoa ushuhuda, papa. Mbele ya batu bote."

Nilikaa chini kwenye kizingiti. Asiyejua makanisa yetu madogo ataona hapo pana jambo la furaha, mama kasimama, kasema amepona, watu wamepiga makofi. Mimi niliona kaburi. Katika kundi lao, aliyeshuhudia uponyaji hagusi tena dawa. Akionekana na sindano, amemwita Mungu mwongo mbele ya wale waliosema amina. Ushuhuda haurudishwi. Nimewaona watu waliokohoa damu wakificha leso kwa sababu walikwisha kusema wamepona.

"Ukiwacha sindano utakufa," nikamwambia. Sikuzunguka.

"Nikiyirudilia, nitakuwa nimesema nini? Kama Mungu eko muongo?" Aliniangalia sasa, na macho yake yalikuwa yameingia ndani. "Nilisema na mudomo yangu, papa. Bamama bengine bagonjwa balilia. Moja aliniambia nimemupa nguvu. Sasa nikamuambie nini?"

Hapo niliogopa zaidi, kwa sababu hakuwa mjinga wala hakuwa amerogwa. Alikuwa mtu wa neno lake. Ndivyo alivyokuwa tangu zamani, na neno hilohilo ndilo lililonilea.

Sasa lazima niseme jambo. Mimi sina Mungu. Naliandika hapa kwa sababu kwa mdomo nimemwambia mke wangu peke yake, naye alifunga dirisha kwanza. Sikugombana na mtu, wala sikukasirikia mbingu. Imani yangu iliisha kama sabuni ya kuogea, ukitumia kila siku huoni ikipungua, halafu siku moja unanyoosha mkono hakuna kitu.

Na kazi yangu ndiyo iliyoimaliza. Nakodisha vyombo vya sauti kwa harusi, kwa misiba, lakini hasa kwa makanisa. Miaka mingi nimeketi nyuma ya mashine yangu nikiwatazama watu kwa nyuma, visigino vyao na migongo yao. Kuna kitufe cha mwangwi. Mhubiri akiwa anatangaza sadaka, sauti huachwa kavu. Akianza kusema "Bwana ananiambia", nageuza kitufe kidogo tu, sauti inaanza kujirudia, na mikono inapanda. Hakuna mhubiri aliyewahi kuniomba nifanye hivyo. Niligundua mwenyewe, nikaona wanaridhika, nikaendelea. Nikigeuza mapema mno, mikono hupanda mapema mno. Ukishaona hivyo mara nyingi, ni vigumu kulala na imani yako ya zamani.

Lakini huku kwetu hakuna mahali pa mtu asiyesali. Mkutano wa kijiji unaanza kwa sala, kikao cha ushirika wa mpunga kinaanza kwa sala, na basi likiteremka Bugarama kuna abiria atasimama kuliombea breki. Wanyarwanda husema Mungu hushinda kwingine, lakini jioni hurudi Rwanda kulala. Nami nilikuwa mwenye nyumba pekee asiyempokea mgeni wa nchi nzima. Mara moja, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji, mkuu wa kijiji alitafuta wa kufungua mkutano, akanionyesha mimi: "Huyu ni mtu wa makanisa." Nilisali. Nilisali vizuri hata wakaniomba nifunge pia. Jasho lililonitoka wakati ule halikunitoka hata nilipokuwa nachimba mtaro.

Kisha, kabla ya siku ile ya chungu, serikali ikafunga makanisa. Si yote, ila yale madogo ya mabati yaliyoota kila kona, yasiyo na vyoo, yasiyo na kuta za kuzuia sauti, ambayo wachungaji wake hawakusoma theolojia. Redioni watu walibishana. Mmoja alisema serikali inapigana na Mungu, mwingine akasema hatimaye majirani watalala. Nikiwa njiani na pikipiki nilipita kwenye milango yenye kufuli nikafurahi moyoni. Furaha yenyewe ilidumu siku moja. Siku ya pili nilikumbuka kwamba zile kelele zilikuwa zangu, na ugali wangu ulikuwa humo. Lakini hofu ya kweli ilikuja baadaye, nilipoona kwamba watu hawakuacha kusali bali waliingia ndani. Kwenye kanisa la wazi mtu akianguka kwa ugonjwa, jirani atamwona. Ndani ya nyumba ya mtu, nani atamwona?

Kundi la Yaya lilihamia kwenye nyumba iliyo nyuma ya kinu cha kukobolea mpunga. Walichagua kwa akili. Kugeuza nyumba kuwa kanisa hakuruhusiwi, kwa hiyo walisali mchana, saa za kazi, mashine zikinguruma. Kinu kikiwaka, imbeni. Kinu kikizimwa, nyamazeni. Yaya alinieleza akicheka kidogo, akina mama wazima wakikata pambio katikati ya neno kama watoto waliosikia nyayo za mwalimu. Humo ndimo alimotolea ushuhuda wake.

Na Ijumaa iliyokuwa inakuja walikuwa wanaanza mfungo. Mfungo mkavu, bila chakula, bila maji, hadi Jumapili.

Nilimpigia muuguzi palepale kizingitini. Alisema mlete, leo, hata sasa hivi, na sauti yake ilinitisha zaidi ya maneno yake. Nilileta pikipiki mlangoni. Yaya aliketi tu. Nikamshika mkono, akanitazama kama alivyonitazama nilipokuwa mtoto nikitaka kuiba nyama jikoni, na mkono wangu ukamwachia wenyewe. Nimezidi miaka arobaini lakini mbele ya Yaya bado nina kaptura.

Nilirudi Kamembe na simu mkononi. Namba ya mkuu wa kijiji cha Bugarama ninayo. Neno moja lingetosha. Wangekuja, wangewatoa, labda wangelipishwa faini, na nyumba ingefungwa. Lakini nilijua Yaya angetoka humo akiwa na ushuhuda uleule mdomoni, na safari hii akiwa ameteswa kwa ajili yake. Asingegusa sindano hadi kufa. Wangehamia nyumba nyingine, nisiyoijua. Tena wangeuliza nani amesema, na hapo lingefumuka lote, kwamba ndugu yake hana Mungu, huyuhuyu aliyewakodishia spika. Niliogopa kwa ajili yake na nikaogopa kwa ajili yangu, na sikuweza kutenganisha hofu hizo mbili. Kuna nyakati nilijishika nikiwa najiogopea zaidi, nikajichukia.

Mchungaji wao ndiye aliyenipigia. Si mtu mbaya. Ni mwembamba, hutetemeka mikono akishika kitabu, na nadhani huwa anafunga kweli wakati wengine wanalamba sukari kisirisiri.

"Papa, bamama ba nyuma habasikie kitu," akasema. "Kinu inapiga kelele sana. Utuletee ile bafle ndogo, ile ya batri."

Nikamwambia nitaileta hiyo spika. Nilisema upesi mno, lakini hakushangaa.

Ijumaa nilipitia duka la dawa Kamembe, nikanunua insulini mpya na sindano, nikaviweka kwenye thermosi ya chai iliyojaa maji baridi, nikaifunga kwenye mkoba wa nyaya. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu dawa iwe karibu naye, kama mtu anayezunguka na mwavuli bila kujua mvua itanyesha saa ngapi.

Ile nyumba ilikuwa chumba kimoja chenye mikeka, madirisha yamefunikwa kwa mashuka. Kinu kilikuwa upande wa pili wa ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa unatikisika. Vumbi la pumba lilikuwa linaingia kwenye nyufa na kutua vichwani mwa watu. Walikuwa wengi wao akina mama, wamepiga magoti. Yaya alikuwa nyuma kabisa, ameegemea ukuta.

Nilipoinama kumsalimu nilisikia harufu. Pumzi yake ilinuka ndizi zilizoiva hadi kupasuka. Alikuwa anahema kwa nguvu, kwa kina, kama mtu aliyepanda kilima, naye alikuwa ameketi. Midomo ilikuwa imepasuka.

"Yaya, umekunywa maji?"

"Tuko tunafunga," akasema, na neno papa likamshinda kumalizia. Alifumba macho.

Muuguzi alikuwa ameniambia kuhusu harufu ile. Ilimaanisha hatafika Jumapili. Niliwasha spika, nikampa mchungaji maikrofoni, akahubiri, nami sikusikia neno. Nilikuwa natazama kifua cha Yaya kikipanda na kushuka. Kila kilipochelewa kupanda, nami niliacha kupumua.

Kisha mchungaji akauliza kama kuna aliye na neno kutoka kwa Bwana.

Sijui ni nani aliyesimama. Nasema ni mimi kwa sababu miguu ilikuwa yangu. Nilichukua maikrofoni mkononi mwake, na mkono wangu mwingine, wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ile, ukageuza kitufe cha mwangwi.

"Bwana ameniambia kitu," nikasema.

Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilirudi ikinizunguka, tamu, nzito, na nikaona migongo ikinyooka. Nimeitengeneza sauti ile kwa ajili ya wengine mara nyingi, lakini sikuwahi kuwa ndani yake. Inatisha. Ukiwa ndani yake unajiamini.

"Kuna mama eko hapa, alishuhudia. Bwana anasema ushuhuda yake ni ya kweli. Anasema: nilikuponya, na uponyaji yangu niliyitia ndani ya kichupa. Juu ya nini unaniachia zawadi yangu ikauke? Simama, mama. Kunywa maji. Kamata sindano."

Na kwenye neno hilo la mwisho umeme ukakatika.

Ukitaka kujua ukimya ni nini, simama kando ya kinu cha mpunga kinapozimika ghafla. Mashine zilishuka zikilia, mikanda ikakokota, kisha kimya. Waliosali walinyamaza palepale, kama walivyozoea. Kila kitu Bugarama kilinyamaza isipokuwa spika yangu, maana ilikuwa ya betri. "Sindano," ikasema peke yake, "sindano, sindano, sindano," ikififia, hadi nje, hadi kwa majirani.

Umeme hukatika kila siku. Mimi najua, na wao walijua kuliko mimi, kwa sababu ukikatika wao hukosa vibarua. Hata hivyo mama mmoja akaanguka kifudifudi. Mchungaji alipiga magoti, akanong'ona: "Mungu amenyamazisha mashine." Na chumba kizima kikaanza kulia kimyakimya, vinywa vimefunikwa kwa vitenge, ili wasisikike nje. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nilisimama na maikrofoni, nimejawa na woga ambao sijawahi kuujua, nikataka kuwaambia ni transfoma tu, jamani, ni transfoma.

Lakini Yaya alikuwa amenyoosha mkono.

Nilifungua thermosi. Alipoona kichupa, kimelowa, cha baridi, alisema "Yesu" kwa sauti ndogo, akajidunga mwenyewe mbele ya wote. Akanywa maji ya ile thermosi hadi tone la mwisho. Mama aliyewahi kumwambia amempa nguvu ndiye aliyemshika upande mmoja, mimi upande mwingine, tukampeleka barabarani. Hospitalini walimtundikia maji, na daktari alisema tungechelewa hadi jioni tungeleta maiti. Niliketi kwenye benchi nje. Dada yangu alikuwa hai, na nilidhani yamekwisha.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu inaendelea.

Kwanza walikuja wengine. Mzee mmoja alinisubiri kituo cha mabasi Kamembe kuniuliza Mungu anasemaje kuhusu vidonge vyake vya presha. Nikamwambia avinywe. Mama mwingine alileta mtoto mwenye homa, nikamwambia kituo cha afya, mbio, naye akashukuru na kuondoka mbio kweli. Mchungaji aliniuliza tangu lini nina karama hii. Wote walinitii. Hakuna aliyenibishia hata neno moja, na kila aliyeondoka aliniacha nimeogopa zaidi, kwa kuwa niliona ningeweza kuwaambia lolote.

Lakini hao hupita. Yaya hapiti.

Kwao, aliyekuletea neno ndiye mwenye kulitunza. Huwezi kulichukua ukaenda nalo. Unamrudia, unamuuliza kama Bwana bado anasema hivyo. Basi Yaya hunipigia kila asubuhi, kabla ya kwenda kuanika mpunga.

"Papa, amesema?"

"Amesema, Yaya."

Nasikia kifuniko cha chungu kikifunguliwa. Kisha anakata simu, asitumie dakika bure.

Juzi nilivuka kwenda Bukavu kupiga muziki kwenye harusi. Foleni ya mpakani ilikuwa ndefu, na ukishavuka daraja simu inapoteza mtandao wa huku. Niliporudi na mtandao ukashika, jua lilikuwa limeanza kushuka. Sikungoja kupiga. Niliruka juu ya pikipiki ya kukodi na vyombo vyangu vyote, nikamhimiza dereva hadi akanitukana. Nilimkuta Yaya ameketi mlangoni, midomo imekauka, sindano tupu mkononi.

"Umejidunga?"

"Nilikuwa nakungojea."

"Tangu asubuhi?"

"Ni weye uko na neno."

Nilikaa kwenye kizingiti kilekile. "Yaya, na siku moja nikikosa? Nikigonjwa? Nikifa?"

Hakufikiri hata kidogo. "Nitangojea tu, papa."

Hapo niliamua kumwambia. Kwamba sikusikia sauti yoyote, kwamba ulikuwa mwangwi na transfoma, kwamba sina Mungu na sijawa naye kwa miaka mingi. Nilifungua mdomo. Yeye alikuwa amekwisha kuchomeka sindano kwenye kichupa, ameivuta, ameinua nguo kidogo tumboni, na sindano ilikuwa imesimama karibu na ngozi, haishuki. Alikuwa ananitazama mdomoni.

"Amesema?" akauliza.

"Amesema, Yaya."

Akajidunga. Kisha akainuka polepole, akachukua birika, akamwagia mchanga wa chungu maji.